Ujana Uliorefuka: Afya ya Akili ya Wanafunzi katika Bonde la Rufiji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea Lindi hupita Kibiti, kisha hufika Ikwiriri na kata ya Umwe, na baada ya hapo hulivuka bonde la mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo msafiri alitegemea kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika alisubiri mpaka mto upende. Kwa kijana aliyezaliwa Umwe baada ya mwaka huo, kusubiri huko ni hadithi ya wazee. Yeye amekulia kando ya barabara ya lami, penye mabasi, pikipiki za abiria, simu za mkononi, na habari za Dar es Salaam zinazofika siku ile ile.

Lakini akigeuza uso upande wa bonde, huyo huyo kijana huliona dungu la wazazi wake: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo mkulima hulala akiwachunga nguruwe na ndege wasimalize mazao. Zamani watu wengi waliishi huko huko bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamishia katika vijiji vya sehemu za juu, kazi iliyojulikana kwa jina la Operesheni Rufiji. Nyumba na shule zikawa juu, mashamba yakabaki chini. Tangu hapo familia nyingi zimekuwa na makao mawili, na majira ya kilimo yanapofika aghalabu wazazi huhamia dunguni. Mwanafunzi hubaki kijijini na bibi yake, au na wadogo zake tu, naye huwa kwa wakati mmoja mwanafunzi, mlezi na mkuu wa kaya. Ratiba ya shule hutungwa bila kuuliza habari za mto.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu katika mazingira hayo. Hana jina, kwa kuwa kila mwalimu anamfahamu. Mwaka jana alikaa mstari wa mbele na kujibu maswali. Mwaka huu anasinzia darasani, analalamika kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio, hachezi tena mpira, na akiulizwa kitu hutazama chini. Katika chumba cha walimu maelezo yatolewayo ni matatu: ni mvivu, ana mapepo, au ameingia katika mapenzi. Maelezo ya nne, kwamba huenda anaugua, na kwamba ugonjwa wake una dalili zinazojulikana na njia za kuutibu, hutajwa mara chache mno. Makala haya yanahusu hayo maelezo ya nne.

Mwili uliotangulia akili

Ujana ni kipindi ambacho sehemu mbalimbali za mwanadamu hukua kwa mwendo usiolingana. Homoni zitolewazo na tezi huupevusha mwili katika miaka ya mwanzo ya ujana, aghalabu baina ya miaka 10 na 15. Ndani ya ubongo, zile sehemu zinazohusika na hofu, hasira, tamaa na furaha hupata nguvu mapema katika kipindi hicho. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo, kujizuia na kupanga mambo ya kesho, huendelea kukomaa mpaka mtu akaribie miaka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 si mtu mzima aliye mkaidi, wala si mtoto aliyekuwa mrefu. Ana moto wa kutosha jikoni, ilhali mpishi bado anajifunza.

Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, aliandika kwamba ujana kwa asili yake ni wakati wa dhoruba. Mwaka 1928 Margaret Mead, baada ya kuishi visiwani Samoa, alipinga akisema kwamba dhoruba hiyo hutokana na namna jamii inavyowalea vijana wake. Mabishano hayo hayajaisha, na Mead mwenyewe amekosolewa sana. Hata hivyo swali lake lina maana kubwa kwa mtu wa Rufiji. Katika jamii za bonde hili, kama katika sehemu nyingi za pwani, jando na unyago viliutenga utoto na utu uzima kwa mstari ulioonekana na watu wote. Mvulana alitoka jandoni akiwa na daraja jipya. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kuwa mwali, akafundishwa na kungwi, na alipotolewa hakukawia kuolewa. Baina ya kupevuka kwa mwili na kupewa nafasi ya mtu mzima palikuwa na muda mfupi.

Si kwamba zamani hizo zilikuwa za heri tupu. Mwali aliyefungiwa ndani kwa miezi mingi alipoteza masomo, na ndoa ya mapema imewadhuru wasichana wengi mwilini na moyoni. Asitokee mtu wa kutamani kuirudisha. Lililo muhimu ni kwamba daraja lile la zamani limebomoka na jipya halijakamilika. Leo kijana hupevuka akiwa na miaka 13, hukaa shuleni mpaka 18 au zaidi, kisha hutafuta kazi kwa miaka mingine kadhaa kabla hajaitwa mtu mzima. Ujana umerefuka kutoka miezi hadi miaka 10 na zaidi, na katika muda wote huo hana kungwi.

Urefu huo unaangukia katika umri wa hatari. Uchambuzi mkubwa wa tafiti kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, karibu nusu kabla ya 18, na umri ambao maradhi hayo huanza kwa wingi zaidi ni miaka 14 na nusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 49 anaweza kujifanyia hesabu. Hesabu hiyo ni ya wastani wa dunia, si takwimu ya Rufiji, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba mto umewakinga watu wake.

Hofu inavyofanya kazi mwilini

Mtu akimwona kiboko ghafla ukingoni mwa mto, ubongo hutoa amri kabla hajafikiri. Neva huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hukazana, misuli hujaa damu, tumbo husimamisha kazi yake. Dakika chache baadaye homoni ya pili, kotisoli, hufuata ili kuupatia mwili sukari ya kutumia. Kiboko akizama na mtu akakimbilia usalama, homoni hizo hupungua na mwili hutulia. Mpango huu umewaokoa wanadamu tangu kale.

Taabu ya maisha ya kisasa ni kwamba viboko wake hawazami. Ada ya mtihani, baba asiyepeleka habari kutoka mjini, deni la dukani, kejeli zilizotumwa kwa simu, mtihani wa taifa utakaoamua kila kitu: haya hayakimbiwi kwa miguu, wala hayaishi kwa dakika 10. Kotisoli ikibaki juu kwa wiki na miezi, huanza kudhuru. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, iitwayo hipokampasi, inayohusika na kuhifadhi mambo mapya katika kumbukumbu, nayo ni nyepesi sana kuguswa na kotisoli. Mwanafunzi aliye katika hofu ya kudumu husoma ukurasa mara tatu na usikae. Maumivu ya kichwa na tumbo anayoyalalamikia si uongo. Ni kazi ya homoni zilizokosa pa kwenda.

Mwaka 1908 Yerkes na Dodson, waliofanya majaribio kwa panya, waligundua jambo ambalo kila shule ingefaa kulitafakari. Msukumo kidogo ulimsaidia mnyama kujifunza. Msukumo mkubwa zaidi, kazi inapokuwa ngumu, ulimharibia. Mwalimu anayemchapa mwanafunzi kwa kushindwa hesabu anaongeza kitu kile kile kilichomfanya ashindwe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kwamba karibu robo tatu yao walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18; na karibu wasichana watatu katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia. Ukimya wa mwanafunzi huweza kuwa na chanzo ambacho viboko haviwezi kukifikia.

Kashasha, 1962

Mfano unaojulikana zaidi ulimwenguni wa msukosuko wa akili katika shule za Tanzania hautoki Rufiji bali Bukoba, nao umesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Wasichana waliporudi makwao hali hiyo ilienea: huko Nshamba watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule, walishikwa nayo.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza hata chakula. Hawakuona kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye fundisho: sumu ya chakula au hewa isingechagua kwa cheo. Walioanguka ni wale waliokuwa mbali na nyumbani, chini ya amri kali, wasio na ruhusa ya kusema kwamba wameelemewa. Kicheko hakikuwa cha furaha. Kilichanganyika na kilio, woga na kuhangaika; baadhi yao waliona kama wanaofukuzwa.

Katika shule nyingi za bweni za Afrika Mashariki hali ya namna hiyo hujulikana kwa jina la kuanguka mapepo. Sayansi haina ugomvi na jina hilo, bali na hatua zinazofuata. Kuwapiga walioanguka, au kuwakusanya wote mahali pamoja mbele ya umati, huongeza idadi yao. Kuwatenganisha kwa upole, kuwaondoa watazamaji, kuendelea na kazi za kawaida na kuchunguza kwa utulivu ni nini kinachowaelemea, huipunguza. Na anayeanguka peke yake, akakakamaa na kutokwa povu, huyo yamkini ana kifafa, ugonjwa wenye dawa, naye apelekwe hospitali.

Usingizi ulioibiwa

Wanafunzi husikia sana juu ya ubaya wa simu. Ukweli ni kwamba tafiti kuhusu simu na afya ya akili hazikubaliani: wapo wanaodhurika, wapo wanaofarijika, na wastani wa madhara yaliyopimwa ni mdogo kuliko kelele zinazopigwa. Lakini lipo dhara moja lisilobishaniwa, nalo ni wizi wa usingizi.

Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayoutayarisha mwili kulala. Kwa kijana aliyebalehe saa hiyo ya ndani husogea mbele, hata kwa muda wa saa mbili. Kwa hiyo kijana asiyepata usingizi saa 3 usiku hajikaidishi. Mwili wake haujapiga kengele. Mwanga wa kioo cha simu huichelewesha kengele hiyo zaidi. Kijana huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akilala saa 6 usiku na kuamka saa 11 alfajiri ili achote maji, awaandae wadogo zake na kuwahi namba shuleni, amepata saa 5. Ni katika usingizi ubongo huyapanga yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha akisoma siku nyingi mfululizo anajaza maji katika pakacha.

Kukosa usingizi na kukosa furaha hufuatana pande zote mbili: huzuni huondoa usingizi, na usiku usio na usingizi huzaa huzuni. Pombe na bangi, ambazo baadhi ya vijana huzikimbilia ili walale, huuharibu huo usingizi wenyewe.

Kumtambua na kumsaidia

Kabla ya kusema kwamba shida ni ya akili, damu ipimwe. Katika bonde la Rufiji malaria, safura na upungufu wa damu vimewafanya watoto wengi waonekane wazito wa akili, na mwanafunzi mwenye damu pungufu hatashangilia shairi lolote. Mwili ukiwa salama, zitazamwe dalili za sonona: huzuni au ukali usio na sababu, kutofurahia kilichokuwa kikimfurahisha, kubadilika kwa usingizi na hamu ya chakula, uchovu, kujiona hafai, kushindwa kukaza fikira. Kila mtu hupatwa na baadhi ya hayo kwa siku mbili tatu. Yakidumu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na yakamzuia kufanya kazi zake, huo ni ugonjwa.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yanafaa kukumbukwa hapa. Misaada iliyohesabika ilikuwa mahema, unga, dawa. Hofu ya mtoto aliyeyaona maji yakiingia nyumbani usiku haihesabiki kwa magunia, nayo huweza kujitokeza miezi mingi baadaye kwa ndoto mbaya au kushtuka mvua inyeshapo. Tena mto huo, tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, mwendo wake hauamuliwi na mvua peke yake, na kijana anayetarajia kulima mlau kama babu yake ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Je, msaada utatoka wapi? Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, na madaktari bingwa wa fani hii nchini ni wachache. Kwa bahati njema, uzoefu wa nchi jirani umeonyesha kwamba kazi kubwa inaweza kufanywa na watu wasio madaktari. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti kwanza waliwauliza wanavijiji majina yao wenyewe ya ugonjwa wa huzuni, kisha wakaunda vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Wanavikundi walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki chini ya 7. Katika vijiji ambavyo havikuundiwa vikundi walibaki 55 hivi. Nchini Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vijana waliomaliza shule karibuni waliwaongoza kwa vikao vinne tu, vya saa moja kila kimoja, kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo anayoyathamini. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Ukitazamwa vizuri, mpango huo si mgeni pwani. Kungwi alikuwa mtu mzima asiye mzazi, aliyeaminiwa, aliyekaa na kikundi cha rika moja na kusema nao mambo yasiyosemwa kwingine. Shule inaweza kuwa na mtu wa namna hiyo bila kifungo cha ndani na bila ndoa ya utotoni.

Mwalimu anayetaka kumkaribia mwanafunzi wake wa Kidato cha Tatu amwite mahali pa faragha kiasi, lakini panapoonekana na watu, amweleze alichokiona bila kumtuhumu, kisha anyamaze asikilize. Wengi huogopa kuuliza kama kijana amewahi kufikiria kujiua, wakidhani kwamba swali litampa wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, wazazi au walezi waarifiwe, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Iwapo nyumbani ndiko hatari ilipo, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo.

Zoezi la darasani

Kila mwanafunzi apewe namba ya siri badala ya jina. Kwa siku 14 aandike saa aliyolala, saa aliyoamka, na mapigo ya moyo kwa dakika moja akiwa bado kitandani. Siku ya jaribio la darasani ayahesabu mapigo hayo tena, robo saa kabla ya jaribio na robo saa baada yake. Darasa litafute wastani wa saa za usingizi, lichore grafu, na lijadili kwa nini mapigo yalipanda kabla kalamu haijagusa karatasi. Jumamosi na Jumapili zisiachwe: anayeamka saa 11 siku za shule na saa 3 asubuhi siku ya mapumziko ametoa kipimo cha deni la usingizi alilolibeba wiki nzima.